Bawaba Inayotoka: Somo la Ufundi Linaloanza na Tatizo

Kila mara wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, mimi hukusanya maandalio yao ya masomo ya kazi za mikono na kuyasoma moja baada ya jingine. Aghalabu hukuta mpango ule ule. Hatua ya kwanza, mwalimu anaonyesha kitu kilichokwisha kutengenezwa: fagio, mkeka, kiti kidogo cha mbao. Hatua ya pili, wanafunzi wanaiga. Hatua ya tatu, mwalimu anapita katikati ya madawati akisahihisha. Mwisho wa kipindi vitu arobaini vinavyofanana vimepangwa juu ya meza, na mwanachuo ameandika katika nafasi ya tathmini kwamba lengo limefikiwa.

Sina ugomvi na kuiga. Mtoto hujifunza kushika jembe kwa kumtazama mzazi wake, na hakuna ufundi usioanza kwa kutazama. Lakini mwanafunzi aliyeiga fagio amejifunza fagio tu. Siku mti wa kutengenezea fagio ukikosekana, hana la kufanya, kwa kuwa hakuwahi kuulizwa fagio ni la nini, wala kwa nini mpini uwe mrefu kiasi kile. Ameonyeshwa jibu bila kuambiwa swali.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza njia ya kufundisha ufundi kwa kuanza na swali. Nitatumia mfano mmoja tu, ambao wanachuo wangu na mimi tuliushughulikia kwa muhula mzima, nao ni bawaba za mlango wa nyuma wa pikapu ya chuo. Naomba msomaji asishangae kwamba jarida la walimu wa shule za msingi linazungumzia gari. Hakuna mtoto nchini ambaye hajaona pikapu, na bawaba ni kifaa kidogo ambacho mtoto wa Darasa la Sita anaweza kukielewa chote, tangu mwanzo hadi mwisho.

1. Tatizo lilivyotokea

Pikapu ya chuo chetu hufanya kazi nyingi kuliko ilizoundiwa. Hubeba mahindi, mchanga, madawati na kuni. Usiku, mwanachuo akiugua, pikapu hiyo hiyo ndiyo gari la wagonjwa.

Mlango wa nyuma wa gari kama hilo umeshikwa kwa bawaba mbili chini, na kwa minyororo miwili pembeni. Ukifungwa husimama wima, ukishikwa na makomeo. Ukifunguliwa hulala sawa na sakafu, ukining'inia kwenye minyororo. Watu wengi huugeuza kuwa ngazi. Hupanda juu yake ili wafike ndani, na wakibeba mzigo mzito hupanda wawili kwa pamoja.

Usiku mmoja wanachuo wawili walikuwa wamesimama juu ya mlango uliolala hivyo, wakipokea machela yenye mwenzao aliyekuwa na homa kali. Mnyororo mmoja ulikatika. Mlango ukapinda upande, bawaba moja ikang'oka, na machela ikainama. Wenzao waliokuwa chini waliidaka. Mgonjwa hakuanguka, alifika hospitali, akatibiwa, akarudi darasani baada ya wiki moja. Lakini wote waliokuwapo walielewa kwamba kilichomwokoa ni mikono ya watu. Chuma kilikuwa kimeshindwa.

Asubuhi dereva wetu, mzee aliyeendesha magari kwa miaka mingi, aliufunga mlango kwa kamba na kusema, "Mwalimu, huu mlango ungekuwa unatoka, vijana wasingepanda juu yake." Sentensi hiyo ndiyo iliyotupa somo. Mlango ukiondolewa kabisa, wabebaji husimama ardhini, karibu kabisa na sakafu ya pikapu, na kuisukuma machela ndani bila kupanda popote. Mtu akipakia mabomba au mbao ndefu, hakuna mlango wa kupindwa na uzito. Akipakua mchanga, koleo halikwaruzi bawaba. Baada ya kazi mlango hurudishwa mahali pake.

Niliwauliza wanachuo kama tunaweza kuunda bawaba za namna hiyo. Wote walijibu ndiyo. Nikawaomba waandike kwanza bawaba hiyo inatakiwa ifanye nini. Hapo darasa likanyamaza.

2. Masharti mawili yanayopingana

Baada ya majadiliano marefu ubaoni palibaki mambo mawili. Sharti la kwanza: mlango utoke na kurudi kwa urahisi, bila spana, gizani, kwa mikono ya watu wawili walio na haraka. Sharti la pili: mlango usitoke wenyewe kamwe, hata gari likipita kwenye barabara mbovu kwa saa tatu.

Ndugu wanachuo, tazameni jinsi masharti haya yanavyovutana. Ukitaka la kwanza tu, weka mlango bila kuufunga. Ukitaka la pili tu, uchomelee. Ufundi wote upo katika kuyatimiza yote mawili kwa kifaa kimoja. Nimekuja kuamini kwamba tatizo la namna hii, lenye masharti mawili yanayopingana, ndilo zana bora kuliko zote za kufundishia ufundi. Mwanafunzi hawezi kulijibu kwa kukumbuka. Hana budi kupima huku na huku.

Tulipima pia uzito. Mlango ulipowekwa kwenye mizani ya stoo ulikuwa na kilo 18. Kisha tukaulaza, upande mmoja ukiegemea ukingo wa benchi kana kwamba umeshikwa na bawaba, na upande wa pili tukauning'iniza kwenye mizani. Mizani ikasoma kilo 9. Wanachuo waliona jambo ambalo vitabu vya sayansi hulieleza kwa maneno mengi: bawaba zinapobeba ukingo mmoja, mikono hubeba nusu ya uzito. Mlango unapochomoka tu, uzito wote huhamia mikononi kwa ghafla. Kwa hiyo wakati wa kutoa ndio wakati wa hatari, na mchoro wowote usiofikiria wakati huo ni mchoro wa kuvunja vidole vya watu.

3. Njia tatu tulizozijaribu

Kila kikundi kilitengeneza mfano mdogo kwa maboksi, waya na vijiti kabla ya kugusa chuma.

Njia ya kwanza ilikuwa pini ya kuchomoa. Bawaba hutengenezwa kwa vipande vya bomba, viwili kwenye gari na kimoja katikati kwenye mlango, na pini ya nondo hupitishwa katika vyote vitatu. Mwisho wa pini huwekwa klipu ili isitoke. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Kasoro zake zilionekana mapema. Nondo ikipinda kidogo haichomoki ila kwa nyundo. Mtu akichomoa pini zote mbili kwa pamoja, mlango humwangukia miguuni. Tena pini hupotea. Dereva alipouona mfano huo alisema tu, "Kitu kidogo kikikuponyoka usiku, kimekwenda."

Njia ya pili ilikuwa ya kutelezesha. Hapa pini zimechomelewa kwenye mlango, zote mbili zikielekea upande mmoja, nazo huingia katika matundu yaliyo kwenye gari. Kuutoa mlango ni kuusukuma pembeni mpaka pini zitoke. Hakuna kitu cha kupotea. Kikundi kilichoichagua kiligundua wakati wa kuurudisha kwamba ni vigumu mno kulenga matundu mawili kwa wakati mmoja huku umebeba uzito. Baada ya siku mbili walikuja na dawa yake: pini moja iwe ndefu kuliko ya pili. Mtu hulenga ile ndefu kwanza. Ikishaingia, imekwisha kubeba sehemu ya uzito, na ya pili huifuata kwa urahisi. Mafundi duniani hutumia hila hiyo katika milango ya kunyanyua, nao wanachuo hawakuwa wameisoma popote. Kasoro ya njia hii ni kwamba mtikisiko wa barabara huusukuma mlango pembeni kidogo kidogo, na usalama wote hutegemea klipu moja tu.

Njia ya tatu ndiyo tuliyoichagua, nayo nitaieleza kwa kirefu zaidi. Pikapu nyingi zinazotoka viwandani zimetumia wazo lake. Upande wa kushoto kuna pini ya mviringo inayoingia katika tundu la mviringo, kama kawaida. Upande wa kulia kuna pini iliyochongwa kwa tupa pande mbili zinazotazamana, hata ikawa bapa kidogo. Pini hiyo hukaa katika kikombe chenye mdomo ulio wazi kwa juu. Mdomo ni mwembamba kuliko unene wa pini, lakini ni mpana kidogo kuliko ubapa wake. Pini ikisimama kwa ubapa wake mbele ya mdomo, hupita. Ikigeuka, hukwama.

Vipimo vyetu vilikuwa hivi. Pini ilikuwa na kipenyo cha milimita 16, ikachongwa mpaka ubapa wake ukawa milimita 10. Kikombe kilikuwa na uwazi wa milimita 17, na mdomo wake milimita 11. Ubapa ulielekezwa ili ulingane na mdomo mlango unapoinama nyuzi 45, yaani katikati ya kusimama na kulala. Mlango ukisimama, pini imegeuka nyuzi 45 kutoka mahali pa kupita. Mlango ukilala, imegeuka nyuzi 45 kwa upande wa pili. Tulichora pini hiyo ubaoni mara kumi ya ukubwa wake, tukaigeuza kwa karatasi iliyokatwa, na kupima upana wake mbele ya mdomo. Ilipogeuka nyuzi 45 upana ulikuwa karibu milimita 16. Haiwezi kupita kabisa. Tulipoigeuza polepole tukakuta kwamba inapita tu ikiwa imekosea kwa chini ya nyuzi 5 kila upande. Zaidi ya hapo mdomo unaikataa.

Kilichowafurahisha wanachuo ni kwamba kinachoushikilia mlango hapa ni umbo. Nguvu ya kukaza haihusiki. Barabara inaweza kutikisa itakavyo. Mlango uliosimama hauwezi kutoka kwa sababu umegeukia vibaya, na mlango uliolala vivyo hivyo. Hata katika ile nafasi moja ya katikati, mdomo unatazama juu, na uzito wa mlango wenyewe huivuta pini chini. Hapana budi mtu akusudie. Huuinamisha mlango nusu, hufungua minyororo ambayo wakati huo imelegea, hunyanyua upande wa kulia, kisha huuvuta mlango kulia hadi pini ya kushoto itoke katika tundu lake. Mpangilio ni huo mmoja. Anayeanza kushoto hatafanikiwa, kwa hiyo mlango wenyewe humfundisha mtumiaji wake.

Kabla ya kuchomelea palikuwa na jambo moja la mwisho. Bawaba mbili hazina budi kulala katika mstari mmoja ulionyooka. Zikipishana hata kidogo, mlango hukaza na pini huliwa upande. Tena chuma kikichomelewa hujivuta kinapopoa. Fundi tuliyempelekea kazi alipitisha nondo moja ndefu katika vikombe vyote viwili kwa pamoja, akavishika kwa madoa madogo ya moto, doa moja kushoto na moja kulia kwa zamu, akapima tena, ndipo akachomelea kikamilifu. Niliwaomba wanachuo waandike hatua hizo kama alivyozifanya. Mwalimu anayekwenda kwa fundi kama mwanafunzi hurudi na andalio zuri la somo.

4. Kidogo juu ya historia

Ni vizuri mwanafunzi ajue kwamba vitu vina asili yao. Mwezi Aprili 1925 kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza gari lake la Model T likiwa na bodi ya pikapu iliyotengenezwa kiwandani, kwa bei ya dola 281. Kabla ya hapo mkulima alinunua gari na kujitafutia seremala wa kulitia sanduku nyuma. Toyota ya Japani ilitoa Hilux ya kwanza mwaka 1968, na watu wa nchi zetu wanajua barabara gani gari hilo limepita. Mwaka 2005 Honda ilitoa pikapu iitwayo Ridgeline, ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwa njia mbili: chini kama kawaida, na pembeni kama mlango wa chumba. Siku hizi magari mengi yana kamera katika mlango huo, kwa hiyo anayeutoa hana budi kuchomoa kwanza waya wa umeme.

Karibu na kwetu kuna historia ndefu zaidi. Milango mingi ya zamani ya mbao haikuwa na bawaba za chuma. Ubao wa pembeni uliachiwa ncha juu na chini, na ncha hizo zikazunguka katika matundu yaliyochimbwa kwenye fremu. Mzee yeyote aliyewahi kuutengeneza mlango kama huo ana jambo la kuwaeleza wanafunzi kuhusu bawaba. Mkaribisheni darasani.

5. Kutoka karakana hadi Darasa la Sita

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyofuata, mwanachuo mmoja wa kike aliomba kulipeleka tatizo hili katika shule yake, katika darasa lenye wanafunzi 62. Nilikwenda kumtazama, na nitaeleza aliyoyafanya kwa kuwa yanaweza kuigwa popote.

Zana zake hazikugharimu pesa. Kila kikundi cha wanafunzi sita au saba kilipewa boksi tupu, vijiti, kamba ya katani na vikonyo vya majani ya mpapai, ambavyo vina uwazi ndani na hukatika kwa urahisi. Alisimama mbele akiwa na boksi moja lililokatwa upande wake mmoja, akasema, "Hii ni pikapu, na hiki ni kipande cha mlango wake. Nataka mlango utoke nikitaka mimi, na usitoke nisipotaka." Kisha akaeleza jinsi kazi itakavyopimwa. Boksi litatikiswa mara thelathini, kwa kuwa hiyo ndiyo barabara. Baada ya hapo mwanafunzi wa kikundi kingine, akiwa amefumba macho, ataujaribu kuutoa mlango. Hakuchora bawaba ubaoni, na hakulitaja hata jina lake.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa za kelele, nami niliona jinsi alivyojizuia asisaidie. Kikundi kimoja kilifunga mlango kwa kamba. Haukutoka katika mtikiso, lakini mwenye kufumba macho alishindwa kufungua fundo. Kikundi cha pili kilitumia miiba; mlango ulidondoka katika mtikiso wa tano. Cha tatu kilipitisha kijiti katika kikonyo cha mpapai, wakafurahi, kisha kijiti kikateleza kikatoka. Mtoto mmoja akapendekeza kijiti kikatwe ubapa na kikonyo kitobolewe mdomo. Hakujua kwamba watu wazima waliokuwa nyuma ya darasa walikuwa wamehangaika wiki tatu kufika hapo. Mwanachuo hakumsifu mbele ya wenzake. Alisema, "Tuutikise tuone." Wakautikisa mara thelathini.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma alipouliza, "Mwalimu, na mwizi naye akijua?"

Wengine walicheka. Mwanachuo hakucheka, aliliandika swali ubaoni, neno kwa neno, na kuliambia darasa kwamba sasa tatizo lina sharti la tatu. Alifanya vema, maana swali lile si la kitoto. Huko Marekani, ambako milango ya kutoka bila spana ni ya kawaida, wizi wa milango ya nyuma ya pikapu ni jambo linalojulikana sana, na wenye magari wengi huzungushia bawaba klempu ya kukazia mipira ya maji ili mlango usiweze kunyanyuliwa bila bisibisi. Kile kinachomrahisishia mwenye gari humrahisishia na mwizi. Sisi wenyewe hatukuwa tumelifikiria. Juma lililofuata mlango wa pikapu ya chuo uliongezewa kipande cha chuma kinachofunika mdomo wa kikombe, chenye tundu la kufuli. Mchana hufungwa. Dereva huendelea kubeba ufunguo pamoja na ule wa gari, na usiku anapoitwa hufungua kufuli kabla ya kuwasha injini.

6. Mambo ya kuangalia

Kutokana na kazi hii napenda kuwashauri wanachuo mambo yafuatayo.

Kwanza, tatizo liwe la kweli. Watoto hutambua upesi swali ambalo mwalimu mwenyewe halijali. Mlango wa banda la kuku unaofunguliwa na mbuzi, ndoo ambayo mpini wake unakata mkono, dawati linaloyumba: hayo ni matatizo ya kweli, nayo yapo katika kila shule.

Pili, kipimo kijulikane tangu mwanzo, na kiwe nje ya kinywa cha mwalimu. Boksi likitikiswa mara thelathini, mlango hutoka au hautoki. Mwanafunzi aliyeshindwa na boksi hujaribu tena. Aliyeshindwa na mwalimu hukata tamaa.

Tatu, jina lije baada ya kitu. Tukisema "bawaba" mapema, wanafunzi watachora ile waliyoiona mlangoni. Wakishaiunda wenyewe, jina litakaa vichwani mwao bila kukaririshwa.

Nne, vipimo viingie kwa sababu vinahitajika. Hakuna aliyewalazimisha wale watoto kutumia rula. Waliitafuta wenyewe walipoona kwamba kijiti kikiwa kinene mno hakigeuki, na kikiwa chembamba mno hakishiki. Hapo Hisabati na kazi za mikono zimekutana bila mwalimu kuziunganisha kwa nguvu.

Tano, usalama. Watoto wasipewe bati lenye makali wala wembe. Vijiti vikatwe na mwalimu mapema, au kwa kisu kimoja kinachosimamiwa. Kuchomelea si kazi ya shule ya msingi. Mkienda na wanafunzi kwa fundi, wasimame mbali, wasiutazame mwanga wa moto, na wasivute moshi wake, hasa chuma kikiwa na rangi au kimepakwa zinki.

Sita, muda. Somo hili lilichukua vipindi viwili vilivyofuatana, na usafi wa darasa ukachukua sehemu ya mapumziko. Najua wengi watasema kwamba muhtasari ni mrefu, darasa ni kubwa na mtihani unakuja. Hayo yote ni kweli. Sishauri kila kipindi kiwe hivi. Nashauri angalau mara moja kwa muhula kila mtoto apewe tatizo ambalo mwalimu hajaliandikia jibu katika andalio lake.

7. Hitimisho

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba au karakana, na kazi ziwe sehemu ya masomo yenyewe. Shule nyingi zilichukua jembe na kuliacha swali. Wanafunzi walilima bila kuulizwa kwa nini mstari huu umeota na ule haukuota. Siku hizi neno amali linatajwa sana katika elimu yetu, na hofu yangu ni ile ile: tutanunua vifaa, tutajenga karakana, kisha tutawaweka watoto humo wakiiga. Mtoto anayemaliza shule akiwa ameiga tu atakuwa mtumishi wa kila kifaa anachokikuta. Atapanda juu ya mlango unaoning'inia kwenye mnyororo mbovu kwa sababu kila mtu hupanda.

Kwa hiyo nawapa kazi moja kabla hamjakwenda katika mazoezi ya kufundisha yajayo. Tembelea shule utakayofundisha, na utafute kitu kimoja kinachosumbua watu kila siku. Andika masharti ambayo kitu hicho kinatakiwa kuyatimiza, na ujiulize kama kuna mawili yanayopingana. Andika kipimo ambacho mtoto anaweza kukifanya mwenyewe bila kukuangalia usoni. Tafuta zana ambazo hazinunuliwi. Halafu, katika nafasi ya andalio palipoandikwa jibu, paache wazi, upeleke darasani kalamu ya kupajaza.